Ghorofa au Nundu

Benchi letu lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa matofali, na limeegemea ukuta wa kibanda changu cha kutengeneza saa. Mbele yake kuna barabara ya vumbi, ng'ambo ya barabara kuna duka la cherehani, na juu ya vyote hivyo hupita ndege zikiwa zimeshatoa magurudumu, maana uwanja hauko mbali. Hapo ndipo tunapokaa kila siku kuanzia saa tisa alasiri, wanaume wanne ambao kazi zimewaacha au wao wameziacha, pamoja na Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu ila ndiye mwenye birika la kahawa. Mimi wananiita Dakika. Nasimulia mambo ya Jumatano ile kama yalivyokuwa, na atakayesema nimewaumbua wenzangu ajue nimeanza kujiumbua mwenyewe.

Kwanza mumjue Rubani. Huyu hajawahi kurusha ndege. Hajawahi hata kuruka nayo. Miaka thelathini na moja alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya uwanja, na kazi yake ilikuwa vitambaa vya viti. Kiti kikichanika, kikimwagiwa chai, kikitapikiwa na mtoto, kitambaa kinavuliwa, kinafuliwa, kinaletwa kwake anakishona, kisha anaingia mwenyewe ndani ya ndege iliyosimama kukivalisha tena. Amekalia viti vingi vya ndege kuliko tajiri yeyote, vyote vikiwa chini. Alipostaafu alihamishia cherehani hapo ng'ambo, akaanza kushona vitambaa vya viti vya magari, lakini mdomo wake haukustaafu. Asubuhi ndege, jioni ndege.

Pili mjue kilichokuwa kinamkabili. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, aliyemlipia ada ya ufundi kwa kufua nguo za watu, alikuwa amelazwa nchi ya mbali, huko alikokwenda kuishi miaka ishirini na sita iliyopita. Mgonjwa hasa, si wa kusema kesho atatoka. Alikuwa ametuma neno moja tu: nataka kumwona mdogo wangu. Binti yake akalipia tiketi, ikabaki Rubani achague siku. Alhamisi kuna Airbus A380, ile yenye ghorofa mbili kutoka kichwani mpaka mkiani. Jumapili kuna Boeing 747, ile yenye nundu mbele. Sisi tunaziita Ghorofa na Nundu. Anayetaka kuondoka Alhamisi lazima athibitishe ofisi ya tiketi Jumatano kabla ya saa kumi na moja jioni, na ofisi yenyewe ni dakika tano kwa gari. Jumatano nne zilikuwa zimeshapita tukiwa tumekaa. Ile ilikuwa ya tano.

— Rubani, simu yako mbona haipatikani? akauliza Shangazi akimimina kikombe cha kwanza.

— Nimeizima tangu Alhamisi. Mpwa wangu ananipigia asubuhi, mchana, jioni. "Mjomba, umechagua?" Kelele zote hizo, mtu utafikirije?

Tulicheka. Mimi mwenyewe nilicheka, tena ndiye niliyemshauri aitumbukize kwenye debe la unga ili isisikike kabisa.

— Haya, turudi tulipoishia jana, alisema Chaki. Huyu ni mwalimu mstaafu, na kila analolisema hulisema kana kwamba liko kwenye mtihani. — Takwimu, Rubani. Bila takwimu tunapiga soga tu.

Rubani akaweka kikombe chini, akakunja mikono ya shati.

— Ghorofa, mabawa yake, ncha kwa ncha, karibu mita themanini. Mkia wake umesimama mita ishirini na nne. Magurudumu ishirini na mawili.

— Ishirini na mawili! alimaka Rivasi. Huyu ni dereva wa teksi, na hilo jina alilipata kwa kuingia kila mahali kinyumenyume. — Nani anaziba pancha zote hizo? Mimi nina manne na sijalala mwezi huu.

— Nundu ina kumi na manane. Lakini msidanganyike. Nundu za mwisho mwisho ni ndefu kuliko Ghorofa. Sabini na sita kwa sabini na tatu.

— Kwa hiyo moja imekwenda juu, nyingine imekwenda mbele, alisema Chaki. — Hapo pana somo.

— Somo gani?

— Bado nalitafuta.

Shangazi akampa Rivasi kikombe chake na kusema, bila kumtazama mtu:

— Nzuri ni ile inayoondoka mapema. Kesho ni Alhamisi.

— Shangazi, hayo ni mambo ya kitaalamu, alisema Chaki.

— Nimesema kesho ni Alhamisi. Na hilo lina utaalamu?

Rubani aliinuka. Nakumbuka vizuri, kwa sababu saa ya mteja iliyokuwa mkononi mwangu ilikuwa inasoma tisa na nusu kamili. Alipangusa suruali, akasema, "Kweli, ngoja nisogee ofisini, nisije nikachelewa." Akapiga hatua tatu. Angekuwa amefika kona, angekuwa amekwenda. Mimi ndiye niliyemwita. Kahawa ilikuwa ndiyo kwanza imemiminwa, mazungumzo yalikuwa yananoga, na nilikuwa na swali.

— Rubani! Hebu kabla hujaenda. Ile nundu kazi yake nini hasa?

Akageuka. Hakuna mtu angeweza kumuuliza Rubani swali la namna hiyo halafu akamwona anaondoka.

— Nundu? Watu wengi wanauliza...

— Ni akiba, alidakia Rivasi. — Ngamia anaweka maji, ndege inaweka mafuta. Ikiishiwa angani, inanyonya humo.

— Wewe! Humo kuna abiria. Kuna ngazi ndani, unapanda, juu kuna viti. Nimevishona mwenyewe. Kitambaa cha bluu, mshono wa kupinda mara mbili.

— Basi hao abiria wamekalia mafuta. Mimi sipandi.

— Nani amekwambia upande?

— Na nikuulize jingine. Ndege ina rivasi?

— Haina ya kutegemea. Ikiwa imeegeshwa inasukumwa nyuma na trekta dogo.

Rivasi alishika kichwa.

— Jamani! Dude lote lile, magurudumu ishirini na mawili, linasukumwa kama mkokoteni wa muuza maji? Sasa likifika huko juu likaona limepotea njia, nani analisukuma?

— Angani hakuna kurudi nyuma.

— Ndiyo maana sipandi!

Chaki alikuwa ameinua kidole muda mrefu. Tulimpa nafasi.

— Nimefikiria suala la Ghorofa. Abiria wa juu na abiria wa chini hawafiki wakati mmoja.

— Mwalimu, wako ndege moja!

— Sikilizeni. Wa juu wanaliona jua kabla ya wa chini. Siku yao inaanza mapema. Kidogo tu, lakini inaanza. Kwa safari ndefu, mtu wa juu anashuka akiwa amezeeka kuliko wa chini. Ndiyo maana juu wanawaweka matajiri. Wana hela ya dawa.

— Mwalimu, ulikuwa unafundisha somo gani?

— Ufundi wa bustani. Lakini nilikuwa nasoma mengine.

Hata Shangazi alicheka hapo, na ni mgumu kucheka. Rubani alikuwa ameshakaa tena. Akachota vumbi kwa kidole gumba, akachora kwenye ubao wa benchi umbo la ndege, akatenga madirisha kwa ukucha. Alichora vizuri, yule bwana. Alijua hata mlango wa tatu uko wapi.

— Lakini kuna jambo hamlijui, alisema akiwa bado anachora. — Zote mbili hazitengenezwi tena. Wamefunga. Zinazoruka ni hizi zilizobaki, na zinazeeka. Nikipanda moja sasa, nyingine pengine sitaipanda mpaka naingia kaburini. Ndiyo maana siwezi kukurupuka.

— Hapo una hoja, alisema Chaki.

— Nzito, alisema Rivasi.

— Hoja! Shangazi aliitamka kama mtu anayetema mbegu. — Dakika, saa ngapi?

— Kumi kasoro dakika tano.

— Ofisi inafungwa kumi na moja.

— Muda upo, nilisema.

Hilo neno nalo ni langu. Fundi saa mzima, natazama mshale unavyotembea, nasema muda upo.

Rivasi alileta habari ya vyoo. Alitaka kujua wa ghorofa ya juu wakienda haja wote kwa pamoja, wa chini wanakuwa salama? Rubani akaeleza mabomba kwa upole, kana kwamba swali lilikuwa la maana. Chaki akasema yeye hofu yake ni uzito: wa juu wote wakisimama upande mmoja kutazama mlima, ndege itapinduka kama sinia. Rivasi akapendekeza wafungwe kamba. Zikafuata nadharia nyingine ambazo hata kuziandika naona aibu, ikiwemo ya Rivasi kwamba Nundu ni jike na Ghorofa ni dume, na ndizo zilizozaa hizi ndogo zinazopita kila saa.

Basi tulipokuwa tunafuta machozi ya kicheko, Rubani akasema kitu kwa sauti ya chini. Aliyesikia ni Shangazi.

— Umesema nini?

— Nimesema Nundu ndiyo iliyomchukua.

— Iliyomchukua nani?

— Dada.

Kicheko kikatukauka.

— Siku anaondoka, ilikuwa Nundu. Mimi nilikuwa kazini. Alikuwa ameniambia namba ya kiti chake, dirishani, nyuma ya bawa. Nikavua kitambaa cha kile kiti ingawa kilikuwa kizima, nikakirudia upya chote. Chini yake, upande usioonekana, nikapitisha uzi mwekundu, kidogo tu, msalaba wa ukubwa wa ukucha. Nikamwambia, dada, ukiogopa, peleka mkono chini ya kiti, utanikuta hapo. Barua yake ya kwanza ilisema: mdogo wangu, nimeushika uzi wako njia nzima.

Rubani alifuta ile ndege ya vumbi kwa kiganja.

— Sasa nikipanda Nundu, najiambia hii ndiyo iliyomchukua, ikakaa naye miaka ishirini na sita, haikumrudisha hata mara moja. Nikipanda Ghorofa, naona nimeiacha njia aliyopita yeye. Nikilala nazipima. Nikiamka nazipima.

— Muongo wewe, alisema Shangazi. Alilisema taratibu, wala si kwa ugomvi. — Si ndege unazozipima. Unaogopa.

Rubani alikung'uta vumbi la kiganjani.

— Naogopa, Shangazi, alisema. — Dada yule alinibeba mgongoni mpaka miguu yangu ikawa inaburuza chini. Nilimwacha mnene, anacheka mpaka majirani wanagonga ukuta, ana mikono ya kufulia. Mpwa wangu ananitumia picha za hospitali. Sizifungui. Siku nitakayofika, nitamkuta huyo wa kwenye picha, na yule wangu atakuwa hayupo tena.

Hapo ndipo tulipotakiwa kusimama. Lilikuwa jambo la kusema "Rivasi, washa gari" na kumshika mkono, basi, watu wazima wanne. Lakini mnajua kijiwe. Kitu cha kweli kikidondoka katikati yenu, kila mtu anatazama viatu vyake. Chaki akakohoa.

— Hata hivyo, alisema, — kwenye suala la kutua, nadhani Nundu...

Na sisi wote tukalirukia hilo suala la kutua kwa furaha kabisa. Rivasi alisema Ghorofa lazima inatua kwa kishindo. Mimi nikasema la, mabawa mapana yanasaidia. Hata Rubani alifumbua mdomo, nikamwona anapata nafuu, anataka kusahihisha.

Shangazi aliinua birika, akalipindua. Kahawa yote, ikiwa bado ya moto, akaimwaga vumbini mbele ya miguu yetu.

— Imekwisha, alisema. — Leo hamnywi tena. Nanyi nyote mnaona raha, mna dada wa watu wa kuchezea.

Akaanza kukusanya vikombe, hata kile cha Chaki kilichokuwa nusu. Rubani aliinuka bila neno, akavuka barabara, akaingia dukani kwake na kusukuma mlango. Tukadhani amenuna. Saa ilikuwa kumi na dakika kumi na mbili.

Tulikaa tukitazama kahawa inavyonywewa na vumbi. Rivasi alisema, "Tumemuudhi." Chaki akasema atapoa. Haikupita hata robo saa, teksi isiyo ya mtaani kwetu ikasimama, akashuka binti mmoja. Umri wake ulikuwa kama miaka ishirini na mitano, kajitanda ushungi mweusi, viatu vya safari, begi moja dogo lenye karatasi ya uwanjani bado inaning'inia. Alitutazama mmoja mmoja kama anayehesabu, kisha akatazama mguu wa matofali wa benchi.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alijibu Shangazi. — Unamtafuta nani?

— Fundi wa viti vya ndege. Niliambiwa nikiliona benchi lenye mguu wa matofali, nimefika.

— Umefika. Yuko hapo ng'ambo, anatoka sasa hivi. Kaa upumzike.

Alikaa kwenye ncha ya benchi, begi mapajani. Rivasi, Mungu amsamehe, alikuwa ameiona ile karatasi.

— Umeshuka leo?

— Leo mchana.

— Bahati iliyoje! Utatusaidia. Sisi hapa tuna mjadala. Ulipanda ya ghorofa au ya nundu?

— Rivasi, leo Jumatano, alisema Chaki. — Kubwa hazipo leo.

— Basi ulipanda ipi?

— Sijui, alisema binti. — Nilipanda iliyokuwepo. Ilikuwa ndogo. Tulibadilisha mara mbili njiani.

— Lakini injini ngapi? Mtu anapandaje ndege asiitazame?

— Nilikuwa natazama wanavyolipandisha jeneza, kaka. Kila tulipobadilisha, nilikuwa dirishani nahakikisha wamelipandisha na lenyewe.

Shangazi akaketi chini kwenye ndoo yake.

— Jeneza la nani, mwanangu?

— La mama.

Ndipo nilipomtazama vizuri. Alikuwa na paji la uso la Rubani. Pua ileile, na namna ileile ya kukunja midomo akiwa anafikiri. Nilitaka kuvuka barabara niende nikamzuie Rubani asitoke, nimfungie humo dukani, sijui ili iwe nini. Sikuwahi.

Mlango wa duka ulifunguka kwa kishindo. Rubani alitoka amevaa koti lake la kustaafia kazi, ameshika sanduku la zamani lenye kamba, pasipoti imechomoza mfukoni mwa shati. Alikuwa amenyoa ndevu. Damu kidogo ilikuwa kidevuni kwa haraka alizokuwa nazo.

— Nimeamua! alipaza sauti kutoka ng'ambo. — Shangazi, umeshinda! Rivasi, washa gari! Ghorofa, Nundu, potelea mbali zote! Naondoka na ya kesho! Dakika, muda upo?

Alivuka barabara akicheka peke yake, na alipofika katikati akamwona binti. Akasimama. Kwanza alikunja macho, maana miwani hakuvaa, kisha uso wote ukamfunguka.

— Ni wewe? Si nilikuwa nakuona kwenye simu kila siku! Mwanangu! Umekuja kunichukua?

Binti alisimama.

— Shikamoo, mjomba. Ndiyo. Nimekuja kukuchukua.

— Mnaona! Damu hii! Nilikuwa nakuja mwenyewe, wallahi, waulize hawa. Sanduku hili hapa. Dada ananuna? Amekutuma unikamate kwa sikio?

— Mjomba, kaa.

— Sikai. Nikikaa hapa sinyanyuki, nimeshajijua. Twende ofisini kwanza, kabla hawajafunga, tutaongea njiani...

— Mama alifariki Jumamosi alfajiri, alisema binti. — Nilikupigia, mjomba. Nilipiga mpaka nikawa naongea na yule mwanamke anayesema simu haipatikani. Yuko uwanjani, kwenye ghala la mizigo. Alitaka alazwe karibu na bibi. Wanasema lazima ndugu aliyeko huku atie sahihi ndipo wamtoe.

Rubani hakupiga kelele. Niliwahi kuona watu wakipokea msiba, wengine wanaanguka, wengine wanatukana. Yeye aliweka sanduku chini kwa uangalifu, akalinyoosha lisimame sawa, akakaa. Mkono wake wa kulia ulikwenda chini ya ubao wa benchi, ukaanza kupapasa, huku na huku, kama mtu aliyeangusha kitu gizani. Shangazi alianza kulia. Chaki alivua kofia.

Binti alikaa karibu naye. Alikuwa ameshalia kwingine, mtu angeweza kuona. Sauti yake ilikuwa imechoka tu.

— Alikuwa anakutetea. Mimi nikikasirika, ananiambia, muache mjomba wako, yule anazijua ndege, akichelewa ana sababu. Kila Ijumaa na kila Jumatatu alikuwa ananiamuru nimnyanyue, nimwekee mito, nimfunge kitambaa kizuri. Alisema hizo ndizo siku ndege zako zinafika, na hataki umkute amelala. Anakaa hivyo mpaka jioni. Halafu ananiambia, haya, nilaze, labda hii nyingine.

— Wiki zote? aliuliza Rubani.

— Wiki zote. Ijumaa iliyopita ndiyo hakuweza.

Ndege moja ilipita juu yetu, ndogo, imetoa magurudumu. Rubani hakuinua kichwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona hivyo.

— Sijaja kugombana, mjomba, alisema binti. — Nataka tu kujua, nikimaliza kuzika nilale. Kwenye simu ulikuwa unanieleza, nilikuwa sisikilizi vizuri. Hizo ndege mbili, tofauti yake ni nini?

Rubani alifungua mdomo.

— Moja, alisema, — mabawa yake...

Alijaribu tena.

— Moja ina magurudumu...

Alitutazama, kwanza Chaki, kisha Rivasi, kisha mimi. Alikuwa anaomba. Wiki tano tulikuwa tumelijibu swali hilo kila siku, kwa mita, kwa tani, kwa ngamia na kwa masinia. Chaki alikuwa anazungusha kofia mikononi. Rivasi alikuwa anatazama funguo za gari.

— Zote mbili si zilikuwa zinafika? aliuliza binti.

Nikashusha macho nisimwone Rubani, yakaangukia saa iliyokuwa mkononi mwangu. Ilikuwa kumi na moja kasorobo. Ofisi ya tiketi ilikuwa bado haijafungwa.